Kubadilisha namba ya difu kwenye Hilux ya zamani: kalamu kwanza, spana baadaye

Mwenye Hilux ya miaka ya 1970 au mwanzo wa 1980 hapa Nairobi huwa na lalamiko moja kati ya mawili. Kuna anayebeba mzigo: viazi kutoka Kinangop, mchanga, mabati ya mjengo. Akianza kupanda kutoka Mai Mahiu kuja Rironi, gia ya nne inakufa, ya tatu inahema, anamalizia na ya pili huku matatu zikimpigia honi nyuma. Halafu kuna yule ambaye gari lake ni la Jumapili. Amelipaka rangi, ameshona viti, anataka kufika Thika au Machakos kwa raha zake, lakini mshale ukigusa 90 injini inapiga kelele hadi mazungumzo ndani ya gari yanakwisha.

Wote wawili wakienda gereji wanaambiwa jambo lilelile: badilisha difu. Ushauri ni sawa, ila mmoja anahitaji kupanda namba na mwingine kushuka. Ukikosea mwelekeo utalipa gharama zote na kuondoka na gari baya kuliko ulilokuja nalo.

Namba ya difu inasema nini

Ndani ya difu, lile bonge lililo katikati ya aksili ya nyuma, kuna gia mbili zinazohusika hapa: pinioni ndogo inayozungushwa na propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi), na krauni kubwa inayozungusha magurudumu. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni difu ya 4.1. Meno 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 9 ni 4.556, na 39 kwa 8 ni 4.875. Namba ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi na injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Ikiwa ndogo, injini inatulia lakini kilima kitakuumbua.

Hatua ya kwanza: jua uliyo nayo

Fungua boneti utafute kibati cha Toyota chenye maandishi ya modeli. Kwenye mstari wa giaboksi na aksili kuna alama za difu. Herufi ya kwanza inakwambia ukubwa wa krauni: F ni inchi 7.5, G ni inchi 8. Hizo mbili hazibadilishani, kwa hiyo andika herufi hiyo kabla ya kwenda popote.

Usiamini kibati peke yake. Gari la miaka arobaini limepita mikononi mwa watu wengi, na difu huenda ilishabadilishwa na mtu aliyetaka tu gari litembee. Hesabu mwenyewe. Zuia magurudumu ya mbele, weka giaboksi nyutro, achia breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na kulikalisha kwenye stendi. La pili libaki limekanyaga chini. Piga mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela.

Kwa nini 20? Gurudumu moja likisimama na lingine likizunguka mara mbili, krauni huzunguka mara moja tu. Mizunguko 20 ya tairi ni mizunguko 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 41 una 4.1, mara 43 una 4.3, ikikaribia 49 una 4.875. Mkihesabu mizunguko miwili tu, tofauti ya 4.1 na 4.3 itawapita bila kuonekana.

Hatua ya pili: piga hesabu ya unakotaka kufika

Tairi la 185R14, ambalo pikapu nyingi za aina hii huvaa, husafiri takriban mita 2 kwa kila mzunguko. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 833 kwa dakika. Zidisha kwa namba ya difu, upate mizunguko ya injini ukiwa gia ya nne, ambayo huwa moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini:

4.1 – mizunguko 3,417
4.3 – mizunguko 3,583
4.556 – mizunguko 3,797
4.875 – mizunguko 4,063

Kwa kilomita 80, 4.1 inakupa 2,733 na 4.875 inakupa 3,250. Kama umevalisha tairi pana kuliko za kiwandani, pima upya: weka alama kwenye tairi na chini, sukuma gari hadi alama izunguke mara moja, upime kwa futi kamba.

Sasa jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare havikwambii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta isiyo na tabo hupoteza hapa kama asilimia 15 hadi 17 ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Ukipanda Limuru inapoteza zaidi. Kutoka 4.1 kwenda 4.875 ni ongezeko la asilimia 19 la msukumo kwenye magurudumu. Kwa hiyo pikapu yenye injini ndogo kama 12R ya lita 1.6, ikivishwa 4.875, inarudishiwa kwenye gurudumu kiasi kilekile ilichonyang'anywa na hewa nyepesi. Nguvu ya injini haijaongezeka hata kidogo. Unailipia kwa kelele na kwa petroli ukiwa kwenye barabara tambarare.

Ndiyo maana simshauri mwenye 12R kushuka hadi 4.1 au chini yake kwa sababu ya Thika Road. Gari litanyamaza mpaka Juja, halafu siku atakapopakia watu na vyombo kwenda kijijini atajuta. Mwenye 18R ya lita 2.0 anaweza kujaribu.

Kuna njia ya tatu, na mimi ndiyo ninayoipenda: difu ya 4.875 pamoja na giaboksi ya gia tano. Gia ya tano ya giaboksi nyingi ni kama 0.85. Zidisha 4,063 kwa 0.85, unapata 3,453, karibu sawa na 4.1 kwenye gia ya nne. Una kilima na una barabara kuu. Gharama ni kubwa zaidi na huenda propela ikahitaji kukatwa, lakini anayesumbuliwa na kelele peke yake aanze na giaboksi, difu aiache ilivyo.

Na kama Hilux yako ni ya kuvuta magurudumu manne, kumbuka ina difu mbili. Lazima zote ziwe na namba moja. Ukibadilisha ya nyuma pekee kisha ukaingiza magurudumu manne kwenye lami, za mbele na za nyuma zitavutana hadi kitu kivunjike.

Hatua ya tatu: kutafuta spea

Unaweza kununua krauni na pinioni pekee, au kichwa kizima cha difu, yaani lile bonge la chuma linalofunguliwa mbele ya aksili likiwa na kila kitu ndani kimeshapangwa. Nunua kichwa kizima. Kupanga krauni na pinioni mpya ndani ya kichwa cha zamani ni kazi ya vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na nitaieleza hapa chini ili ujue kama fundi wako anaifanya au anaigiza. Kichwa kizima kilichotoka kwenye gari linalotembea kimeshafanyiwa kazi hiyo kiwandani.

Kirinyaga Road na Grogan ndiko pa kuanzia. Ukikosa, zunguka Industrial Area kwa wanaouza spea za eksi-Japani. Nenda na herufi uliyoiandika, hesabu ya meno ya mwisho wa hafushafti yako (fimbo ya chuma inayotoka difu kwenda gurudumu), na kipande cha katoni ulichochora mashimo ya boliti za propela. Vitu hivyo vitatu vikikubali, kichwa kitaingia. Muuzaji atakuapia kwamba "hii ni ya gari lilelile, mkubwa". Mshukuru, kisha hesabu.

Kikague hapohapo dukani, mchana, si kwa taa ya simu:

Zungusha krauni mzunguko mzima ukihesabu mizunguko ya mdomo wa pinioni, yaani pale propela inapofungwa. Minne na kidogo sana ni 4.1, minne na robo tatu haitoshi, lazima ikaribie mitano ndipo iwe 4.875. Mara nyingi namba za meno zimegongwa pia kwenye krauni.

Angalia meno pande zote mbili. Upande unaosukuma ukiwa na vishimo vidogo, kingo zilizomeguka, au rangi ya bluu ya chuma kilichochemka, rudisha. Kung'aa si tatizo.

Shika mdomo wa pinioni uuvute juu na chini, mbele na nyuma. Ukicheza hata kidogo, beringi zimekwisha. Lakini ukiuzungusha kushoto na kulia, mchezo mdogo kabla meno hayajagusana ni lazima uwepo.

Tafuta namba iliyochorwa kwenye krauni na kwenye kichwa cha pinioni. Zilisagwa pamoja na ni chanda na pete. Namba zikitofautiana, mtu amezitoa kwenye difu mbili, na hiyo difu italia hadi siku utakayoitupa.

Dai risiti yenye jina la duka na maelezo ya spea. Logbuku haina namba ya difu, lakini asili ya spea ukiulizwa lazima uwe na jibu.

Hatua ya nne: kufungua

Kabla ya kuanza, uwe na oili sili mbili za hafushafti, gasketi ya kichwa, oili ya difu ya kiwango cha GL-5 (80W-90 inafaa), mafuta ya breki, na stendi mbili za chuma. Mawe ya mjengo si stendi. Yanapasuka ghafla, na utakuwa umelala chini yake. Ukifanyia kazi kwenye udongo, jeki na stendi zikalie ubao mnene.

Legeza kizibo cha juu cha difu kabla ya kile cha chini. Kuna watu wamemwaga oili yote kisha wakagundua kizibo cha kujazia kimeganda. Oili ikitiririka, iangalie. Unga laini wa chuma ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole vinamaanisha aksili yote ioshwe kabla kichwa kingine hakijaingia.

Weka alama kwenye propela na mdomo wa pinioni, fungua boliti nne, uifunge propela pembeni kwa waya. Isining'inie kwa krosi, kile kiungo chake kinachojikunja.

Toa magurudumu na ngoma za breki. Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Brekishu za zamani zilikuwa na asbesto, kwa hiyo lowesha kwa maji na ufute kwa kitambaa utakachokitupa. Fungua paipu ya breki uizibe, toa kebo ya breki ya mkono, kisha nati nne zinazoshika sahani ya breki kwenye ncha ya aksili. Hafushafti itatoka pamoja na sahani yake na beringi. Ikigoma, ivute kwa nyundo ya kutelezesha, usiipige patasi. Kwa kazi hii inatosha kuzivuta zote mbili sentimita 15 au zaidi hadi ziachane na kichwa, lakini kwa kuwa unabadilisha sili, zitoe kabisa.

Sasa nati kumi zinazozunguka kichwa. Acha mbili za juu zikiwa zimeshika nyuzi chache. Kichwa kina zaidi ya kilo 30 na kimegandishwa na gasketi ya miaka. Kikiachia, kinaachia kwa mkupuo. Weka jeki chini yake, kitikise, toa nati mbili za mwisho, mkishushe wawili.

Kama unalazimika kupanga krauni na pinioni mwenyewe

Pengine umepata seti mpya na kichwa chako kina afya. Hapa tafuta fundi mwenye saa ya kupimia na spana ya kipimo. Anayekwambia anajua kwa mkono, mwachie chai yake uondoke. Ukiwa mteja, simama karibu uangalie mambo manne.

La kwanza ni kina cha pinioni. Kinapangwa kwa washa nyembamba nyuma ya kichwa cha pinioni, kabla ya beringi kubwa. Washa nene inasogeza pinioni karibu na krauni.

La pili ni mkazo wa beringi za pinioni. Katikati ya beringi mbili kuna bushi inayobonyea nati ikikazwa. Kaza kidogo kidogo huku ukipima ugumu wa kuzunguka. Ukipitiliza, usirudishe nati nyuma ukadhani umesuluhisha. Bushi imeshabonyea, weka nyingine mpya. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibikia, kwa sababu bushi haipatikani na fundi hataki kusema.

La tatu ni mchezo wa meno. Kwa difu ya Toyota ya inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18, ukipimwa sehemu kadhaa kuzunguka krauni. Unarekebishwa kwa nati mbili kubwa za pembeni: legeza moja, kaza nyingine kiasi kilekile. Boliti za krauni zikazwe kwa kupishana, Nm 97, na vibati vyake vya kufungia vikunjwe.

La nne ni alama ya mgusano, na hili ndilo linaloamua. Paka meno machache rangi ya mafuta ya njano iliyochanganywa na oili kidogo, zungusha pinioni huku krauni ikizuiwa kwa kipande cha mbao, kisha soma. Alama ikiwa katikati ya jino, umefika. Ikikaa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali: ongeza washa. Ikizama kwenye shina la jino, pinioni iko karibu mno: punguza. Ikielekea upande wa ndani wa krauni, ongeza mchezo wa meno. Ikielekea nje, upunguze. Kila ukibadilisha washa unafungua tena na kupima tena, na fundi mzuri anaweza kurudia hivyo kutwa nzima. Mlipe siku yake.

Hatua ya tano: kurudisha

Safisha ndani ya aksili kwa dizeli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Safisha kipumulio kilicho juu ya aksili. Kikiziba, joto husukuma oili kupitia sili hadi kwenye brekishu, na watu hulaumu sili. Gonga sili mpya zikae sawa, paka grisi kwenye mdomo wake. Gasketi mpya, silikoni nyembamba, kichwa ndani, nati kumi kwa kupishana.

Hafushafti ndiyo inayohitaji utulivu. Ibebe kwa mikono miwili ukiingiza, meno yake yasiburutike juu ya sili. Ikigota, zungusha kidogo hadi meno yaingie. Usigonge.

Rudisha breki, propela kwa alama zako, na ujaze oili gari likiwa sawasawa hadi ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Usiitumie oili hiyohiyo ya GL-5 kwenye giaboksi ya zamani bila kuangalia kitabu chake. Giaboksi nyingi za umri huu zina shaba ndani na hutaka GL-4. Kisha toa hewa kwenye breki, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Usiondoke uani kabla pedali haijawa ngumu.

Hatua ya sita: barabarani

Kama ni gia mpya, safari ya kwanza iwe fupi na ya upole, kama dakika 20, bila mzigo, kisha liache lipoe kabisa. Rudia mara mbili tatu. Usibebe mzigo mzito wala kuvuta trela kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili uweke nyingine. Kichwa kilichotumika hakihitaji hayo yote, lakini oili yake pia ibadilishe mapema, maana hujui kilikaa wapi.

Sikiliza redio ikiwa imezimwa. Difu ikilia unapokanyaga tu na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, mgusano wa meno hauko sawa. Mngurumo unaofuata mwendo bila kujali mguu wako ni beringi. Ngurumo hiyo ikibadilika ukikata kona, angalia beringi za magurudumu kwanza. Mgoto mmoja, "do!", kila ukibadilisha gia, ni mchezo uliozidi, au krosi ya propela uliyoiona imechakaa ukaisamehe. Baada ya safari gusa ganda la difu: joto ni kawaida, lakini likikuunguza hadi uondoe mkono, beringi zimekazwa kupita kiasi.

Limebaki jambo la spidomita. Kebo yake inatoka kwenye giaboksi, kwa hiyo haina habari kwamba difu imebadilika. Aliyetoka 4.875 kwenda 4.1 ndiye aliye hatarini: akiwa 100 kamili, mshale unasoma 84, na kamera za spidi hazitasikiliza maelezo. Dawa ni kigia kidogo cha plastiki mwisho wa kebo upande wa giaboksi. Namba ya difu ikipanda, meno ya kigia yaongezeke kwa kiasi hichohicho. Kwa mfano cha meno 18, ukitoka 4.1 kwenda 4.875, kinatakiwa kuwa cha meno 21. Ukikikosa mjini, pima kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, mwenzako akisoma, kisha ubandike karatasi kwenye dashibodi. Kwa aliyepanda kutoka 4.1 hadi 4.875 karatasi hiyo itasema hivi: mshale ukiwa 60 uko 50, ukiwa 95 uko 80.